Tiketi Tatu za Kwenda Siwan

Jumatano, 20 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Maji ya mtaro yamefika ngazi ya kwanza.

Aaji amepiga simu. Kusema kweli aliyepiga ni binamu yangu Bittu, kwa sababu bibi yangu hataki kugusa simu. Anasema inateleza kama kambare. Na yeye haanzi na salamu. "Mke wa mwanangu yuko wapi?" Mama yangu, Mai, akafuta mikono, akaipokea, nami nikajifanya nasoma.

Aaji amesema mwaka huu ni wa mwisho kwake. Amefunga Chhath, mfungo wa kuliabudu jua, tangu baba yangu, Babuji, hajazaliwa: siku nne, mwishoni bila hata tone la maji, kisha kusimama mtoni hadi kiunoni ameshika ungo wa matunda, jua linapozama na tena linapochomoza. Mwaka jana wanawake wawili walimshikilia asianguke. "Mguu wangu mmoja uko mtoni, wa pili uko kwa daktari," alisema. "Njoo uchukue mfungo wako."

Mfungo huu haupokewi kwa maneno. Mama mkwe humkabidhi mke wa mwanawe ule ungo, mkono kwa mkono, wote wawili wakiwa ndani ya maji. Ukishaupokea huuachi, mpaka na wewe upate wa kumkabidhi. Baba mkubwa ni mgane. Hakuna mwingine katika nyumba ile ila Mai.

Mai alisema "Ndiyo, Amma" mara nyingi. Kisha alirudi kumenya viazi, na maganda yakatoka manene, jambo ambalo Mai hafanyi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kesho saa mbili asubuhi tiketi za treni ya tarehe 22 Oktoba, ya kwenda Siwan kwa Aaji, zinafunguliwa. Kazi ya kununua nimepewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Nimeandika majina yetu matatu na umri wetu kwenye karatasi, ingawa nayajua.

Jumamosi, 23 Agosti

Babuji alitoka zamu ya usiku kwenye vinu vya kufumia na hakulala. Aliketi nyuma yangu, pamba bado imemshika nywele.

"Vidole umeviamsha?"

"Nimeviamsha, Babuji."

"Usiwe na pupa. Lakini usikawie."

Saa mbili ilipogonga nilibonyeza. Kikazunguka kile kiduara. Zikaja zile herufi zilizopindapinda, za kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Niliziandika, ukurasa ukasema nimekosea. Zikaja nyingine. Nikaandika majina, nikachagua vitanda, nikafika kwenye malipo, nikangoja namba ya siri iingie kwenye simu. Namba ilipoingia, viti vilikuwa vimekwisha. Hata orodha ya kusubiri ilikuwa imefungwa.

Na hapo hapo, ng'ambo ya kichochoro, tukasikia wanaume wakishangilia katika duka la Lallan.

Lallan anatoa fotokopi, anauza muda wa simu na tiketi. Duka ni dogo kama kabati, lakini ndani mna kompyuta zilizobebana kama vyungu. Kila mtu hapa mtaani, tuliokuja Surat kutoka Bihar, anajua ana programu. Ile programu inajaza majina yote kabla mtu hajapepesa jicho, inazisoma herufi zilizopinda, na inaingia kwa akaunti za watu wengi kwa mpigo mmoja. Mimi naandika herufi ya kwanza ya jina langu, yenyewe imeshalipa.

"Umekosea wapi?" Babuji aliniuliza.

"Sijakosea, Babuji."

"Basi kwa nini?"

Jibu wote tulikuwa tunalisikia kupitia dirishani.

Mai akasema, "Twende kwa Lallan."

"Kwa yule mlanguzi?"

"Mlanguzi anayefikisha watu kwao."

"Sikiliza, mama Suruchi. Unakwenda kupokea Chhath. Ngano unaiosha wewe mwenyewe, ndege asiidonoe. Jiko liwe jipya la udongo. Hata nguo isiwe na mshono. Halafu ufike mbele ya Mama wa Chhath kwa tiketi ya wizi?"

"Treni si unga, baba Suruchi. Hatutaila."

"Kila kinachokupeleka mtoni ni sehemu ya mfungo."

Mimi moyoni nilikuwa upande wa Babuji. Niliona ni maneno mazuri, na nimeyaandika hapa ili nisiyasahau.

Jumapili, 24 Agosti

Babuji alibadilishiwa zamu, alikuwa kazini. Saa mbili nilijaribu peke yangu, tarehe 23 Oktoba. Nimekosa tena. Safari hii herufi nilizipata mara ya kwanza, na nimekosa.

Nilitoka kumwambia Mai huku machozi yananilenga. Alikuwa juu ya paa anaanua nguo kabla mvua haijashuka. Alinitazama, akaingiza mkono kifuani mwa sari, akatoa karatasi iliyokunjwa. Tiketi tatu. Surat hadi Siwan, tarehe 23 Oktoba, behewa moja, vitanda vinavyofuatana, majina yetu sahihi.

"Nilimpelekea Lallan majina jana jioni, leo asubuhi nikazifuata," alisema. "Babako akirudi, utamwambia umezipata wewe."

"Mai, mimi..."

"Husemi chochote, basi. Nitasema mimi. Wewe kunyamaza unajua."

Ni kweli, najua.

Jumatatu, 25 Agosti

Mvua.

Ijumaa, 29 Agosti

Babuji amewaambia watu wote kijiweni kwa muuza chai. Nilipita pale na vitabu, akaniita.

"Huyu hapa! Binti yangu ameishinda mashine. Vidole kumi tu!"

"Hongera, mwanangu," wakasema. Mmoja, mzee Ramnaresh, fundi wa nyuzi, akanifuata hadi mlangoni kwetu. "Binti, na mimi nisaidie. Mke wangu yuko Gopalganj, hajaniona tangu arusi ya mdogo wake. Lallan bei yake siiwezi."

Nilitaka kumwambia. Nilimtazama viatu. Nikasema nitajaribu.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimejaribu kwa ajili ya mzee Ramnaresh. Nimekosa. Alisema, "Si neno. Labda mashine nayo ilijifunza kutoka kwako." Hakuwa anadhihaki. Ingekuwa afadhali.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua haijakatika. Daftari la fizikia limelowa, kurasa zimeshikana kama chapati.

Aaji sasa anapiga simu kila jioni kumfundisha Mai. Anafundisha kama anavyogombeza.

"Siku ya pili unapika nini?"

"Uji wa mchele na sukari guru, Amma."

"Kwa kuni gani?"

"Za mwembe."

"Na ukisikia mtu anakuita wakati unakula?"

"Naacha kula."

"Hapo hapo! Hata kama ni mwanangu. Hasa kama ni mwanangu, ana domo."

Mai alicheka mpaka akaziba mdomo kwa sari. Sijamsikia akicheka hivyo na Aaji. Nilipokuwa mdogo walikuwa hawapikii jiko moja. Sasa wanazungumza kama watu wanaobeba kitu kizito pamoja, kila mmoja ameshika upande wake.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo Mwalimu Vasava wa somo la uraia alimleta mgeni darasani, Inspekta Bariya wa polisi wa reli. Ni mtu mwembamba, mpole, aliomba maji akasema ahsante kwa mtoto aliyempa. Alikuja kutueleza kuhusu programu za kununulia tiketi.

"Wangapi hapa wamewahi kukosa tiketi ya kwenda kwao?" Mikono yote ikapanda. "Mnadhani mlikuwa wazito. Hamkuwa wazito. Mlishindana na kitu kisicho na vidole."

Alisema akaunti ya mtu ni ya safari zake na jamaa zake. Kuigeuza biashara bila idhini ni kosa la jinai, na programu ya kupenya foleni haimpi mtu haki, inazidisha kosa. Darasa lilipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kisha nikakumbuka karatasi iliyo kifuani mwa Mai, nikaacha.

Mwalimu Vasava ana nakala ya sheria ya reli maktabani. Nilibaki wakati wa chakula nikaisoma. Kifungu cha mia moja arobaini na tatu: asiye na idhini akifanya biashara ya kununua na kuuza tiketi, kifungo hadi miaka mitatu, au faini, au vyote. Halafu kuna maneno machache mwishoni ambayo nimeyarudia mara nyingi. Tiketi alizozipata kwa njia hiyo atanyang'anywa.

Nilitafuta sentensi inayomtaja abiria ambaye jina lake limo kwenye tiketi. Niligeuza ukurasa. Kifungu kinachofuata kinahusu wachuuzi na ombaomba.

Ijumaa, 19 Septemba

Nilimwambia Mai. Nilimweleza kile kifungu polepole alipokuwa anachambua dengu.

"Kwa hiyo wakimkamata Lallan, na sisi?"

"Tiketi inafutwa."

"Lakini majina ni yetu."

"Najua, Mai."

"Na umri ni wetu. Hata umri sikudanganya, nikataja wa kweli."

"Sheria haiangalii hayo. Inaangalia njia iliyopitia."

Alichambua dengu kidogo. "Babako naye angesema hivyo hivyo," alisema. "Ila yeye angalau hajasoma."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa.

Jumatano, 24 Septemba

Sikukuu ya Navratri. Wagujarati, wenyeji wa hapa, wanacheza ngoma zao uwanjani chini ya maturubai. Mvua inawanyeshea, hawajali.

Jumamosi, 27 Septemba

Mai alinituma kwa Lallan nikaulize kama tiketi zetu ni salama. Sikuwahi kuingia mle. Nilitarajia kumwona mtu wa hila. Nilimkuta anakula mchele uliopondwa bapa na maziwa mgando, miguu juu ya stuli, na fulana ina tundu begani. Wanaume watatu wa vinuni walikuwa wameinama juu ya kaunta.

"Msomi ameingia!" alisema. "Karibu, uliyeishinda mashine yangu." Alijua, bila shaka. Alinikonyeza, nikaona haya mpaka masikio.

Nilimwuliza kwa sauti ya chini. Akaacha kula.

"Dada mdogo, mimi nilikuja Surat nimesimama chooni mwa treni siku mbili. Ndani ya choo, wanaume sita. Nikaapa hakuna mtu wa wilaya yangu atakayesafiri hivyo tena." Akaelekeza kidole kwa wale watatu. "Waulize hawa. Wana simu za kisasa? Wanajua kusoma zile herufi za kizimwi?"

"Bila kaka Lallan tungefika kwetu tumekuwa barua," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

"Lakini kaka," nilisema, na hii ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu nisiyemzoea, "ukichukua viti vyote wewe, wanaojaribu wenyewe wanakosa. Halafu wanalazimika kuja kwako."

Hakukasirika. "Nikizima mimi, wa mtaa wa nyuma atawasha. Viti havitakurudia wewe. Nionyeshe mahali vitakaporudi, nizime leo."

Nimefikiria jioni nzima. Naona bado kwamba anakosea. Sioni tu ni nani asiyekosea ambaye atatufikisha Siwan.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua imeacha. Mai ametoa mifuko juani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mtihani wa historia. Nimeandika vizuri. Babuji amenunua sari ya Mai ya mfungo, ya njano, isiyokatwa wala kushonwa. Aliileta imefungwa kwenye gazeti na hakutaka mtu aiguse kabla hajanawa mikono. Akaiweka rafu ya juu kabisa, karibu na picha za miungu.

"Aaji atasema rangi imepauka," Mai alisema.

"Aaji atasema hivyo hata ukivaa jua lenyewe."

Jumanne, 14 Oktoba

Nilikuwa narudi shuleni. Kichochoro kilijaa watu, kimya. Katika mtaa ule kimya ni cha ajabu kuliko kelele.

Polisi wa reli walikuwa wanatoa kompyuta za Lallan, nyaya zinaburutika kama mikia. Lallan amekaa kwenye stuli yake, nje, mikono mapajani. Hakuna aliyempiga. Mkewe amesimama mlangoni na mtoto, anauliza kila anayepita, "Atarudi kula? Niambieni tu kama atarudi kula."

Inspekta Bariya alikuwepo. Alikuwa mpole vile vile. Watu walimzunguka.

"Saheb, tiketi yangu nimelipa."

"Saheb, mama yangu anaumwa."

"Jina ni langu, saheb, angalia kitambulisho, sura ni yangu!"

Yeye akawa anajibu jambo moja: "Mlinunua kwa mtu asiye na idhini. Mkitaka, andikeni malalamiko dhidi yake."

Sijui nilipata wapi miguu. Nilijikuta mbele yake. "Sir, ulikuja shuleni kwetu."

Akanikumbuka, au alijifanya kwa wema. "Ndiyo, mwanangu."

"Viti hivi vikifutwa vinakwenda wapi?"

"Vinarudi kwenye mfumo. Kila mwananchi atapata nafasi sawa ya kununua."

"Saa ngapi, sir?"

Hakuelewa. Au alielewa. Akanigusa bega, akaenda kutia sahihi sanduku lililofungwa kwa lakiri.

Lallan alipopandishwa garini alitazama watu, akasema kwa Kibhojpuri chetu, "Msinilaani kwa pamoja, mtaniua. Laanini kwa zamu." Watu wawili wakacheka. Mzee Ramnaresh, ambaye hakununua kwake kitu, alilia.

Mai hakutoka nyumbani. Alikuwa ameketi na simu yangu mapajani, ameshaelewa bila kusoma. Ujumbe ulikuwa umeingia. Nilimsomea: tiketi zote tatu zimefutwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Babuji amejua. Hakuna aliyemwambia, alikaa kwa muuza chai, watu wakawa wanahesabu nani na nani wamefutiwa, na mtoto wa jirani akasema, "Na nyinyi pia, si mlikata pamoja na sisi?"

Alirudi, akavua viatu, akaketi.

"Niliwaambia watu wote," alisema.

Mai alisema, "Nipigie kelele basi."

"Niliwaambia mpaka msimamizi wa vinu. Nilimwambia binti yangu ameishinda mashine."

"Baba Suruchi, ungeniruhusu mapema..."

"Tungefutiwa vile vile," Babuji akasema. "Ningekuwa tu sijajivuna."

Kisha akanitazama mimi. Akasema, "Zile siku mbili ulizojaribu kweli. Ulikaribia?"

"Nilifika kwenye malipo, Babuji."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu kidogo akakikubali.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Diwali. Fataki mpaka paka wa jirani amehamia kwetu.

Aaji hajaambiwa. Anauliza tutashuka behewa la ngapi ili Bittu asimame mahali pazuri.

Jumanne, 21 Oktoba

Tiketi za dharura hufunguliwa siku moja kabla ya safari, saa nne za mabehewa ya baridi, saa tano za kawaida. Nimejaribu zote. Saa nne: zimekwisha. Saa tano: ukurasa haukufunguka, ulipofunguka zimekwisha.

Babuji aliomba simu ya msimamizi wake tujaribu kwa simu mbili. Mai akawa anasoma sala. Mzee Ramnaresh alikuja kutuombea pia, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia ili asinitie haraka.

Mtaa wa nyuma kuna mtu anauza viti vya treni ile ile. Bei ni mara mbili ya Lallan. Babuji alitoka akaenda. Ndiyo, Babuji mwenyewe. Alirudi akasema vilikwisha kabla hajafika, na kwamba asingenunua, alikwenda kuuliza tu.

Jumatano, 22 Oktoba

Saa nne, zimekwisha. Saa tano, zimekwisha.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tulikwenda stesheni kupanda behewa la wazi, lisilo na viti vya kuhifadhiwa. Tuliondoka mapema na chakula, lakini foleni ilikuwa imezunguka uwanja mara nyingi, ndani ya kamba, watu wamekaa juu ya mabegi tangu jana. Wengine wamebeba nyungo mpya vichwani kujikinga jua. Zote ni za Chhath. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wanaokwenda kusali mahali pamoja na hawawezi kufika.

Treni ilipoingia kamba hazikusaidia. Babuji alimnyanyua Mai mpaka dirishani. Mikono ya watu wa ndani ikamshika, wakamvuta, nusu yake ikaingia. Nilikuwa nasukuma miguu ya mama yangu kama mzigo. Ndani mwanamke akapiga ukelele, "Mtaniulia mtoto! Dada, kuna mtoto chini yako!"

Mai akajirudisha. Niliona. Hakuponyoka, aliachia mikono yeye mwenyewe, akatuangukia.

Treni ikaondoka na watu wamening'inia milangoni. Babuji alikuwa anatafuta ndala moja ya Mai chini, kwenye reli.

"Iache," Mai alisema. "Iache, tutembee."

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku ya kwanza ya Chhath. Mai alimpigia Aaji mwenyewe. Nilimshikia simu.

"Amma, hatujapata treni."

Tukasikia mbuzi wa Bittu.

"Mlisema mna tiketi."

"Zilifutwa."

"Nani amefuta?"

Mai alinitazama. Nilijaribu kumweleza Aaji: programu, akaunti, sheria. Nilichagua maneno rahisi. Aaji alisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hafanyi.

"Huyo mwizi amefungwa?"

"Ndiyo, Aaji."

"Vizuri. Na viti vyetu?"

"Vimechukuliwa na watu wengine."

"Kwa mikono?"

"Hapana, Aaji. Sidhani."

Nilimwomba, nikasema labda Mai asimame hapa mto Tapi na ungo, na yeye kule, simu iwe katikati, amkabidhi kwa kuonana. Watu sasa wanafanya hata arusi hivyo.

"Suruchi, wewe umesoma," Aaji alisema, bila kugombeza, na ndipo nilipoogopa. "Ungo una uzito. Nikiuachia huku, nani ataudaka huko?"

Jumatatu, 27 Oktoba

Aaji amefunga. Hakuna aliyeweza kumzuia. Baba mkubwa alimbeba mgongoni hadi mtoni kwa ajili ya jua la kuzama. Bittu alituonyesha kwa simu: kichwa kidogo cheupe ndani ya maji, ungo unatetemeka, wanawake wanaimba. Picha ilikuwa inakatika. Kila iliporudi, tulitafuta kwanza kama bado amesimama.

Jumanne, 28 Oktoba

Amemaliza. Jua lilipotoka alilimiminia sadaka yake ya maji, kisha akafanya lile ambalo mtu asiye na wa kumkabidhi hufanya. Aliomba msamaha, akauweka ungo juu ya mto, akauachia. Bittu anasema haukuzama mara moja. Ulizunguka kidogo karibu naye, akausukuma kwa vidole.

Basi, mfungo umelazwa. Katika nyumba yetu umeishia hapo.

Mai alikuwa juu ya paa tangu kabla ya alfajiri. Alikuwa ameoga. Hakuvaa ile sari ya njano, alivaa ya kila siku. Wanawake wa mtaa walikuwa wanarudi kutoka mto Tapi, miguu imelowa, wanagawa thekua, biskuti za ngano za sadaka, kwa kila wanayekutana naye. Mmoja alimwita Mai kutoka chini, akampa mbili, na Mai alizipokea kwa mikono miwili, akazigusisha kipajini.

Nilimwuliza kwa nini asianze mfungo wake mwenyewe mwakani. Mpya, hapa hapa.

"Mtu hajianzishii, Suruchi," alisema. "Mtu hupewa."

Babuji alipanda ngazi na glasi ya chai. Alisimama nayo, hajui kama inafaa. Wakati huu waliofunga hufungulia kwa kipande cha tangawizi na maji, na mume ndiye huwapa.

Mai hakuwa amefunga. Akaipokea chai akainywa.